TUOSHE PIKIPIKI YA KIKUNDI: Somo la vikundi vya kujisaidia



Katika kutembelea vikundi tumeona jambo moja ambalo limetufanya tuandae somo hili. Vikundi vingi siku hizi vina pikipiki. Vingine vilinunua kwa akiba ya wanachama, vingine kwa mkopo, na vingine vilipewa na wafadhili. Pikipiki hiyo inapeleka maziwa, inaleta mbegu na mbolea, na usiku inakimbiza mama mja mzito kwenda zahanati. Kwa kweli pikipiki imekuwa kama punda wa zamani.

Lakini punda akirudi safari mwenyewe humpa maji, humwangalia kwato, hutazama kama kamba imemchubua mgongo. Pikipiki ikirudi safari, je? Inaegeshwa ukutani na tope lake, watu wanaingia ndani kula. Kesho yake inapigwa kiki tena, twende.

Somo la leo ni kuosha pikipiki baada ya safari ndefu. Msiseme ni jambo dogo, kwani kuosha kila mtu anajua. Hata sisi tulisema hivyo hivyo, na tukalipia. Someni pamoja katika mkutano wenu, kipande kwa kipande. Ikiwezekana, pikipiki yenyewe iwe hapo mbele yenu.

MAMBO YALIYOTUPATA SISI

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, mwenzetu mmoja alitoka Garsen asubuhi ya Ijumaa kwenda Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini. Njiani alipitia vijiji vya delta kuonana na vikundi. Wale wanaojua sehemu hizo wanajua udongo wake: mweusi, mzito, unanata kama ugali. Alirudi Jumamosi jioni. Pikipiki ilikuwa haionekani rangi. Magurudumu yalikuwa yamejaa tope mpaka chini ya madigadi.

Hatukuiosha. Mwenye kuiendesha alikuwa amechoka, na haki yake. Sisi wengine kila mmoja alidhani mwenzake ataiosha. Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu tope lilikuwa limekauka, nasi tukasema litapukutika lenyewe njiani.

Ni kweli lilipukutika. Siku hiyo hiyo, mwenzetu akiwa njiani kurudi, mbuzi walikatiza mbele yake. Akakanyaga breki ya nyuma. Gurudumu likajifunga ghafla, akatupwa chini. Tunamshukuru Mungu hakuwa amebeba mtu, na alikuwa amevaa helmeti. Hata hivyo kifundo cha mkono kilivunjika, akafungwa plasta wiki sita.

Fundi alipoichunguza alituonyesha. Kuna chuma kirefu ambacho kinashikilia breki ya nyuma ili isizunguke pamoja na gurudumu. Nati yake ilikuwa imeanguka, pengine tangu safari ya kwenda Kipini. Bolti ilibaki mahali pake kwa sababu tope lenyewe lilikuwa limeishikilia kama simenti. Udongo mweusi ukikauka hupasuka. Ulipopasuka ukaanguka, na bolti ikaanguka nao.

Kama tungeiosha Jumamosi kwa ndoo mbili za maji, mtu yeyote angeona kwamba nati haipo. Badala yake vikundi vitatu vilikaa wiki sita bila kutembelewa. Kimoja kilikuwa kinangojea mbegu. Zilipofika, mvua ilikuwa imekaribia kwisha.

Na kosa la pili tunalikiri pia. Baada ya pikipiki kutengenezwa, tuliona aibu, tukaamua kuiosha sana. Tukaipeleka mtoni, tukaiingiza majini mpaka nusu ya magurudumu, tukamwaga na mafuta taa kwenye cheni. Bibi mmoja akaja na mtungi wake wa kuteka maji. Tukamwamkia, “Shikamoo bibi.” Akajibu, “Marahaba wanangu. Hayo maji mnayoyatia mafuta ndiyo nitakayopikia jioni.” Hatukuwa na la kusema. Wiki mbili kabla, tulikuwa katika kijiji hicho hicho tukifundisha juu ya maji safi.

Basi, tuanze somo.

KWA NINI TOPE NI ADUI

1. Tope hushika unyevu. Chuma kilichofunikwa na tope bichi hupata kutu haraka. Ukiwa umepita pwani karibu na bahari, tope na vumbi huwa na chumvi, na chumvi huharakisha kutu zaidi.

2. Tope huzuia injini kupoa. Pikipiki nyingi za vijijini, za cc 100 hadi 150, hupozwa na upepo. Yale mapezi membamba ya chuma yaliyozunguka injini yapo ili upepo upite katikati yake uchukue joto. Yakijaa tope, upepo haupiti. Injini inachemka kupita kiasi, oili inaharibika mapema, na nguvu zinapungua.

3. Tope hula cheni. Mchanga ukichanganyika na oili unakuwa kama msasa. Kila cheni ikizunguka inajisaga yenyewe pamoja na spoketi.

4. Tope huziba njia ya hewa. Chujio la hewa likijaa vumbi injini inakosa pumzi, inakula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi.

5. Tope huficha hatari. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililotupata sisi. Ndiyo maana tunasema kwamba kuosha ni kukagua. Anayeosha bila kutazama amefanya nusu ya kazi.

VIFAA

Hakuna kifaa hapa cha kwenda kutafuta mjini:

– ndoo mbili, na maji lita 40, yaani mitungi miwili ya lita 20;
– kopo au chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, ya kunyunyizia;
– sabuni ya kawaida, ya maji au ya mche iliyoyeyushwa;
– vitambaa vitatu: kimoja cha tangi na sehemu zenye rangi, kimoja cha magurudumu na injini, kimoja kikavu;
– brashi laini, na mswaki mkuukuu;
– kijiti cha mbao kilichochongwa bapa;
– mafuta taa kidogo, kama nusu kikombe, ndani ya kopo;
– oili safi kidogo na girisi;
– mifuko miwili ya plastiki na kamba au mipira ya kufungia;
– daftari na kalamu. Ndiyo, daftari ni kifaa cha kuoshea. Tutaona mbele.

MAHALI PA KUOSHEA

Msioshee mtoni, bwawani, wala karibu na kisima. Maji ya kuoshea pikipiki hutoka na oili, girisi, petroli na sabuni. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji yanayotumiwa na watu. Hata kama sheria isingekuwapo, tukumbuke yule bibi na mtungi wake. Tena huko kwetu Tana kuna mamba, na mtu aliyeinama anasugua gurudumu hamwoni.

Chagueni mahali palipo mbali na maji, hatua mia moja au zaidi, penye nyasi au kokoto na kivuli. Kikundi chenye nguvu kinaweza kuchimba shimo dogo, kulijaza mawe, na kuelekeza maji machafu huko. Kivuli ni muhimu, manake juani sabuni hukauka kwenye rangi na kuacha madoa.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: Ipoe

Safari ikiisha, zima injini, funga petroli, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pagumu na sawa. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka mtu aweze kuweka kiganja karibu na injini bila kuhisi joto kali. Msimwage maji baridi kwenye injini au eksozi ya moto. Chuma kilichopata moto kikipozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka, na mvuke unaweza kuwaunguza.

Watoto wakae mbali. Mguu ukigusa eksozi ya moto unaungua mara moja. Ikitokea, mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, unga wala oili. Kidonda kikiwa kikubwa, au aliyeungua ni mtoto mdogo, nendeni zahanati.

Hatua ya pili: Ziba matundu

Funga mdomo wa eksozi kwa mfuko wa plastiki. Funika swichi ya ufunguo na swichi za usukani kwa mfuko wa pili. Hakikisha kifuniko cha tangi kimefungwa sawasawa na kiti kimekaa mahali pake. Maji yakiingia kwenye eksozi, swichi au tangi, kesho pikipiki itakataa kuwaka na mtalaumu fundi bure.

Wekeni ufunguo mfukoni mwa yule anayeosha. Hii ni kwa usalama, mtu asije akawasha mkono wa mwenzake ukiwa kwenye cheni.

Hatua ya tatu: Lainisha tope

Nyunyiza maji kutoka juu kwenda chini. Usisugue bado. Kusugua tope kavu juu ya tangi ni sawa na kusugua kwa msasa, rangi itakwaruzika. Acha maji yalainishe kwa dakika 10, kisha nyunyiza tena.

Kama tope limekwisha kukauka tangu jana, lowesha magunia, yafunike juu ya madigadi na magurudumu, uyaache nusu saa. Linalobaki ondoa kwa kijiti cha mbao. Usitumie kisu, panga wala bisibisi, vinakwaruza chuma na kukata nyaya.

Hatua ya nne: Osha sehemu za juu

Tia sabuni kidogo kwenye ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Tumia kitambaa cha kwanza: anza na usukani, taa na saa, kisha tangi, kiti, na madigadi kwa nje. Kila baada ya kufuta kidogo, suuza kitambaa kwenye ndoo ya pili kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Hivyo mchanga unabaki katika ndoo ile na haurudi kwenye rangi.

Hatua ya tano: Osha sehemu za chini

Badilisha kitambaa. Chukua kile cha pili na brashi. Sugua magurudumu, spoki moja moja, chini ya madigadi, mapezi ya injini, stendi, na mahali pa kukanyagia. Mswaki uingie katikati ya mapezi ya injini. Inama kabisa utazame chini, kwani tope jingi linakaa pale ambapo jicho la mtu aliyesimama halifiki.

Zile mashine za kurusha maji kwa nguvu zilizoko mjini zinafanya kazi haraka, lakini ziogopeni. Maji ya nguvu hupenya kwenye beringi za magurudumu na za usukani, yakafukuza girisi yakakaa yenyewe. Beringi isiyo na girisi haikai. Kama hamna budi kuitumia, mwenye mashine asimame mbali, asielekeze maji katikati ya gurudumu, kwenye shingo ya usukani, kwenye nyaya wala kwenye kabureta.

Hatua ya sita: Cheni

Hapa tunasema kwa sauti kubwa: INJINI IWE IMEZIMWA. Wako mafundi wanaowasha injini, wanatia gia, cheni inazunguka yenyewe huku wanasugua. Ndivyo watu wanavyopoteza vidole. Weka gia huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Kidole kisikaribie mahali cheni inapoingia kwenye spoketi.

Pikipiki nyingine zina kifuniko kinachoifunika cheni yote. Kifuniko hicho kinasaidia, lakini tope la maji huingia hata humo. Baada ya safari ya matope mwombe mtu anayejua kukifungua awaonyeshe.

Chovya mswaki kwenye mafuta taa, sugua cheni kipande kwa kipande. Weka kopo chini likinge yale yanayodondoka. Kisha futa kwa kitambaa mpaka ikauke. Usitumie petroli, inashika moto upesi, hata cheche ndogo ya jiko la jirani inatosha. Na asiwepo mtu anayevuta sigara.

Cheni ikikauka, tia matone ya oili safi upande wa ndani, huku ukizungusha gurudumu. Oili nzito ya gia, ile namba 90, inafaa. Futa inayozidi. Wengi hupaka cheni ile oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, wakidhani wanaweka akiba. Oili hiyo ina unga wa chuma na masizi. Hiyo si akiba, ni kununua spoketi mpya mapema.

Pimeni pia ulegevu. Katikati ya spoketi mbili, sukuma cheni ya chini juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za aina yetu inatakiwa icheze milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha pikipiki yenu ndicho chenye neno la mwisho.

Hatua ya saba: Chujio la hewa

Si lazima kila siku, lakini baada ya safari ndefu ya vumbi au tope, fungueni mtazame. Kama ni la sifongo, lioshe kwa maji ya sabuni au mafuta taa, likamue kwa kulibana katika viganja, usilipinde kama nguo. Likaushe kivulini mpaka liwe kavu kabisa. Kisha lipake oili safi kidogo, ulibane tena ili ibaki nyembamba. Kama ni la karatasi, usilioshe kamwe. Ligonge taratibu vumbi litoke, na likichakaa mnunue jipya. Msiwashe pikipiki bila chujio, hata kwenda sokoni tu.

Hatua ya nane: Suuza, kausha, paka

Suuza kwa maji safi kutoka juu kwenda chini. Futa kwa kitambaa kikavu. Ondoa mifuko ya plastiki, na tunarudia, ONDOENI MFUKO KWENYE EKSOZI. Kisha washa injini dakika tano, joto likaushe maji yaliyobaki.

Tia tone moja la oili kwenye kila mkono wa klachi na breki, pale unapokunjika, na kwenye kiungo cha stendi. Paka girisi kidogo kwenye vichwa vya betri. Lakini oili na girisi visiguse breki wala tairi. Tone moja tu kwenye breki linaweza kumwua mtu.

Hatua ya tisa: Kausha breki

Hatua hii husahauliwa na wengi. Breki iliyoingia maji haishiki. Kabla ya kumkabidhi mtu pikipiki, endesha polepole mahali pasipo na watu, huku ukibana breki taratibu mara kadhaa, mpaka usikie zinashika kama kawaida. Ndipo useme kazi imekwisha.

MACHO YATAZAME NINI

Wakati mkono unaosha, macho yapite hapa. Mmoja asome, mwingine aguse:

– nati na bolti zote, hasa za magurudumu, za breki na za usukani, pini zipo?
– kile chuma kinachoshikilia breki ya nyuma, nati yake na pini yake;
– spoki: gonga kila moja kwa kijiti; inayolia tofauti na wenzake huenda imelegea;
– tairi: kuna msumari, mwiba, au mpasuko pembeni?
– gurudumu: lishike juu na chini ulitikise; likicheza, beringi imechoka;
– oili: inavuja chini ya injini? kipimo kinaonyesha imebaki kiasi gani?
– kebo za breki na klachi: zimeanza kukatika nyuzi?
– taa zote na honi: zinafanya kazi?
– meno ya spoketi: yakichongoka kama ndoana, cheni na spoketi zibadilishwe pamoja.

Msikimbilie kutengeneza kila kitu wenyewe. Kazi yenu ni kuona na kuandika. Kazi ya fundi ni kutengeneza. Lakini msipoona, fundi hataitwa.

HELMETI NA KOTI

Helmeti ioshwe kwa maji na sabuni laini, pamoja na kioo chake, na ndani ifutwe ikaushwe kivulini. Usiifute kwa petroli wala tina, zinadhoofisha plastiki bila wewe kujua. Helmeti iliyokwisha gonga chini katika ajali isivaliwe tena hata kama inaonekana nzima. Koti la kung'aa lililojaa tope haling'ai, nalo lifuliwe.

MAJI YAKIWA HABA

Wenzetu wa sehemu kame watauliza: lita 40 tutatoa wapi, na akina mama wanatembea nusu siku kutafuta maji? Swali lenu ni la haki. Tena mara nyingi anayeendesha pikipiki ni kijana, na anayeteka maji ya kuiosha ni mama au dada yake. Hilo nalo kikundi kilitazame.

Tunashauri hivi. Vumbi kavu lisioshwe, lipanguswe kwa brashi laini, kisha sehemu za juu zifutwe kwa kitambaa kibichi. Maji yaliyokwisha kufua nguo yanafaa kwa magurudumu na chini ya madigadi, ila si karibu na bahari, maji yenye chumvi yasitumike kabisa. Lita 10 zikitumika kwa chupa ya kunyunyizia zinafanya kazi kuliko lita 40 zinazomwagwa kwa ndoo. Na mwendeshaji ndiye ateke maji hayo, akiwa na pikipiki yake.

OILI NA MABAKI

Mafuta taa machafu yaliyokingwa kwenye kopo, na oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, visimwagwe chini. Viwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, mbali na watoto, mpeleke gereji inayokusanya oili chafu. Oili iliyotumika si dawa ya vidonda vya mifugo wala ya ngozi ya mtu, ina sumu inayoweza kuleta kansa. Aliyeishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

MPANGO WA KIKUNDI

Kama tulivyosema, sisi hatukukosa maji wala sabuni. Tulikosa mpango. Kazi ya wote ikawa kazi ya hakuna mtu. Tangu siku ile tumekubaliana hivi, nanyi mnaweza kubadilisha kulingana na hali yenu:

1. Anayeirudisha pikipiki anaondoa tope siku hiyo hiyo, au akichoka sana, anamkabidhi mtu kwa jina. Haitoshi kusema “mtu ataiosha”.

2. Baada ya kila safari ndefu, watu wawili wanaosha na kukagua, kwa zamu iliyobandikwa ukutani. Vijana na wazee, wanaume kwa wanawake. Tumeona akina mama wasiojua kuendesha wakiona kasoro ambazo waendeshaji wamezizoea.

3. Daftari lina safu tano: tarehe, kilomita zilizosomwa, walioosha, kasoro iliyoonekana, na ilitengenezwa lini.

4. Pikipiki yenye kasoro ya breki, usukani au gurudumu haitoki, hata kama ni safari ya mwenyekiti. Mweka daftari ana ruhusa ya kukataa kutoa ufunguo. Kwa mgonjwa wa dharura, tafuteni chombo kingine mapema. Hayo myapange leo, si usiku wa manane.

5. Fedha kidogo zitengwe kila mwezi kwa sabuni, oili na cheni. Mweka hazina aulize bei za dukani kwenu, aziandike, alinganishe na bei ya cheni na spoketi mpya. Hesabu hiyo itawafundisha kuliko maneno yetu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza: ufa hauonekani mpaka ukuta uoshwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Pikipiki yetu iliporudi safari ya mwisho, nani aliiosha? Alikabidhiwa na nani?

2. Tunaoshea wapi? Maji yale yanaelekea wapi, na nani anakunywa huko chini?

3. Nani anateka maji ya kuoshea? Je, ni haki?

4. Mwendeshaji wetu akisema leo “breki si nzuri”, je, tutamsikiliza au tutasema anakwepa kazi?

5. Tukipoteza pikipiki kwa wiki sita, ni nani katika kijiji atakayeumia wa kwanza?

ZOEZI

Kabla ya mkutano ujao, osheni pikipiki yenu pamoja mkifuata hatua tisa. Mmoja asome, wawili waoshe, wengine watazame na kuuliza. Andikeni kila kasoro mtakayoiona. Kama kikundi hakina pikipiki, mwalikeni kijana mmoja wa boda boda aje na yake. Atafurahi kuoshewa, nanyi mtajifunza. Masomo haya haya yanafaa pia kwa baiskeli, isipokuwa ya injini.

NENO LA MWISHO

Tumeitwa kuwa mawakili wa vitu tulivyokabidhiwa, viwe vikubwa au vidogo. Mwenzetu alipona, na mkono wake unafanya kazi. Siku hizi yeye ndiye mkali kuliko sote. Akirudi safari hata usiku, haingii ndani kabla hajamulika taa ya mkononi pale kwenye chuma cha breki ya nyuma, akaishika ile nati kwa vidole vyake. Ndipo anasema, “Haya, sasa tule.”

Fanyeni hivyo nanyi. Mungu awabariki katika kazi zenu.